Kaunta Buku ya Mjomba

Picha ninayoipenda kuliko zote alizopiga mjomba wangu ina mzee asiye na mikono. Ameketi mchangani Pangani, mgongo ameuegemeza kwenye ubavu wa ngalawa, nyavu zimemjaa mapajani. Kofia yake inaonekana mpaka tundu za viua. Uso umelegea kidogo kwenye kingo, maana aliyeketi nusu dakika bado anapumua, lakini ni uso, una macho na una ndevu. Mikono ndiyo haipo. Mahali pake pana kitu kama moshi wa udi, kinaanzia kwenye viwiko na kuyeyukia nyavuni, kwa sababu mikono ilikuwa inashona na kamera iliachwa wazi sekunde 30 nzima. Nyuma yake bahari imelala kama shuka lililopigwa pasi. Ufuo ni mtupu. Nami nilikuwepo siku ile, na ufuo haukuwa mtupu hata kidogo: walikuwepo wachuuzi wenye ndoo, watoto, vijana wawili waliobeba mtungo mmoja wa samaki kwa mti mabegani. Wote walikuwa wakitembea, basi wote wamefutika. Aliyeketi amebaki.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake dirishani akapiga mtaa wa Boulevard du Temple, Paris. Mtaa ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini bamba lake lilihitaji dakika kadhaa kushika mwanga, na waliokuwa wakienda zao hawakuacha alama. Alibaki mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Mjomba hakuwahi kusikia habari hizo. Nilipomwonyesha picha ile kwenye simu yangu aliikuza kwa vidole viwili, akaitazama mpaka kioo kikajizima, akakiwasha tena.

"Na mng'arisha viatu yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Yupo, ila kama doa.

"Ndiyo, mama," akasema. "Mikono yake ilikuwa kazini."

Mjomba alikuwa fundi umeme mpaka alipostaafu. Hajawahi kupiga picha ya kulipwa. Hana studio, haendi harusini na kamera, na akiombwa picha za paspoti huwaelekeza watu kwa kijana mwenye kibanda mtaa wa pili. Kamera yake ni Canon ya mtumba yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55, ile ya kawaida kabisa, aliyoinunua kwa ndugu yetu aliyekuja likizo kutoka Muscat. Huilaza ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, kwa kuwa unyevu wa Tanga huotesha kuvu ndani ya vioo vya lenzi. Kando ya kopo iko kaunta buku. Watu wakiziona picha zake huuliza kamera ni ya bei gani. Sijamsikia hata mmoja akiuliza habari za kaunta buku, nami naamini kila kitu kimo humo.

Ameipigia mistari kwa rula kama leja ya duka: tarehe, saa, mahali, tundu la lenzi, sekunde, ISO, na safu ya mwisho, pana kuliko zote, ambayo juu yake ameandika neno moja: Kosa. Kila picha ina kosa lake, hata zile anazozipenda. Mbele ya picha ya mzee wa Pangani ameandika, "Upeo wa bahari umeinama kushoto." Nimeitazama picha hiyo mara nyingi kabla sijaona kwamba ni kweli.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mpiga picha hujifunza kazi kwa kusafiri, kwamba ukifika mahali pazuri picha nzuri inakungoja pale. Miaka ya kumfuata mjomba imenifundisha kinyume chake. Hajaribu jambo jipya safarini. Hulijaribu nyumbani, Ngamiani, kwenye baraza, chumbani na barabarani mbele ya mlango, wiki hata miezi, mpaka vidole vinalijua bila kuambiwa. Ndipo anapopanda basi. Safari kwake ni siku ya mtihani.

Kazi yenyewe aliianza kwa mti. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa. Kule Rujewa, mkoani Mbeya, lilionekana kama pete. Kwetu Tanga mwezi ulilimega tu, asubuhi ile ikikaribia adhuhuri. Mjomba alikuwa ameketi chini ya mwarobaini wake uani, na alipotazama chini akaona sakafu imejaa hilali. Vile viduara vya mwanga vinavyodondoka kila siku kupitia mianya ya majani vilikuwa vimegeuka vyote kuwa miezi michanga, mamia kwa mamia, vimelala upande mmoja. Alimwita mkewe, akaita majirani. Alipotaka kujua sababu, kijana wa jirani aliyekuwa akisoma sekondari alimweleza: kila mwanya mdogo kati ya majani hufanya kazi ya lenzi, na kila kiduara unachokiona chini ya mti siku za kawaida ni picha ya jua zima. Umekuwa ukikanyaga picha za jua maisha yako yote.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanyia kazi Cairo, aliandika risala nzima juu ya umbo la jua lililopatwa linavyoonekana kupitia tundu, akapima kwamba tundu likizidi upana hilali inapotea. Miaka elfu moja baadaye fundi umeme mstaafu alikuwa uani kwake na karatasi ya boksi na msumari, akitoboa tundu la kwanza, la pili pana kidogo, la tatu pana zaidi, akilinganisha. Kaunta buku inaanzia siku hiyo. Kamera ilikuja miezi mitano baadaye.

Nina hakika mtu aliyeanza kwa tundu anaielewa kamera tofauti na aliyeanza kwa kubonyeza. Ukimwuliza mjomba namba zile za tundu la lenzi, 4, 5.6, 8, 11, 16, hakupi hesabu ya kukariri. Atakwambia kila hatua ni nusu ya mwanga wa hatua iliyotangulia, na kwamba ukiubana mlango kwa nusu, uuache wazi muda maradufu, chumba kitapata mwanga uleule. Yote yaliyobaki, husema, ni kuchagua: unataka nini kitulie na nini kiende.

Katika majaribio yake yote, lile la nyuso ndilo lililochukua muda mrefu kuliko mengine, na ndilo ninaloliheshimu zaidi.

Kamera haijui inatazama nini. Kipimo chake cha mwanga kimetengenezwa kuamini kwamba ulimwengu, ukiuchanganya wote pamoja, ni kijivu cha wastani, chenye kurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mweke mbele yake mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe siku ya Idi: kamera inaona weupe mwingi, inabana mwanga, kanzu inatoka vizuri na uso unakuwa kiza chenye meno. Mweke bibi aliyejifunika buibui: kamera inaona weusi mwingi, inafungua mwanga, uso unapauka kama uliopakwa unga. Sisi sote tuna albamu zenye picha za namna hii, na tumewahi kuwalaumu wenye nyuso. Zamani za filamu hali ilikuwa mbaya zaidi. Kodak ilisambazia maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi za Shirley kama zilivyoitwa, na kwa miongo mingi ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi zote.

Mjomba alianza na mkewe. Kila asubuhi saa tatu, kabla mkazamjomba hajaenda sokoni, alimweka kwenye kiti barazani. Nyumba yao inatazama magharibi, kwa hiyo saa hizo jua liko nyuma ya paa na baraza ina kivuli kizima. Upande wa pili wa barabara upo ukuta wa jirani, mrefu, uliopakwa chokaa, na jua la asubuhi linauwasha wote kuanzia juu hadi chini. Mwanga unaomfikia mkazamjomba unatoka kwenye ukuta huo. Ni mwanga mpana na mpole, hauna ncha.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo wapiga picha wazuri wa pwani walilijua kitambo. Ngozi nyeusi umbo lake huonekana kwa mng'ao. Ukiimwagia mwanga mkali wa flashi unapata doa moja jeupe kwenye paji la uso na kiza pembeni. Ukiipa mwanga mpana, kama wa ukuta mzima au dirisha zima, mng'ao unatandaa: unashuka shavuni, unazunguka kidevu, unaonyesha kila bonde la uso. Tazama picha za Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930 na kazi ikaendelezwa na mwanawe Rohit. Nyuso zile za rangi moja, nyeusi na nyeupe, zina uhai ambao simu zetu za leo, pamoja na ujanja wao wote, haziufikii. Mtu aliyezipiga alijua taa ikae wapi.

Mjomba hakuwa na taa. Alikuwa na kiti, akakisogeza shibiri moja moja. Karibu na mlango uso unaingia kiza upande wa ndani. Karibu na barabara kivuli cha macho kinapotea na uso unakuwa bapa kama sahani. Baina ya hapo na hapo alipata mahali, akapatia alama ya rangi sakafuni, na alama ingalipo. Akajifunza kupima mwanga kwenye uso wenyewe, si kwenye nguo, kisha kumwambia mkewe anyanyue kidevu kidogo. Alipojua kupiga kanga ya rangi, akamwomba avae nyeupe. Alipojua nyeupe, akamwomba avae buibui. Kaunta buku ina asubuhi 61 za mkazamjomba. Kwenye safu ya makosa imeandikwa "kanga imekula uso", "mwanga wa chini", "amechoka", na mara tatu, "amechoka nami".

Mwaka juzi jirani alitaka kuupaka ukuta wake rangi ya kijani. Mjomba alivuka barabara akiwa na kanzu, jambo ambalo halifanyi siku za kazi. Alimweleza kwamba nyuso za watu wa upande wetu zitakuwa kama za wagonjwa wa nyongo. Jirani hakuelewa sana lakini alielewa kanzu. Mjomba akanunua chokaa kwa fedha zake, na tangu hapo kila inapokaribia Ramadhani ukuta unapakwa upya kwa gharama yake.

Aliposafiri kwenda Unguja na mimi, hakwenda kutafuta milango ya nakshi. Alikwenda kutafuta kuta. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe alinionyesha, mmoja baada ya mwingine, mahali ambapo jua linapiga ukuta wa juu na kurudi chini kwa mtu aliyeketi barazani. Kwa siku nne alipiga picha kumi na moja tu za watu, kila mmoja akiwa ameombwa ruhusa, kila mmoja akiwa ameelezwa aketi wapi. Muuza kahawa mmoja alipoonyeshwa picha yake alinyamaza, kisha akasema, "Hii rangi yangu hasa." Sijasikia mjomba akisifiwa kwa neno lililomfurahisha kuliko hilo.

Jaribio la baisikeli lilikuwa fupi. Mji wetu una baisikeli nyingi, na mjomba alitaka mwendesha baisikeli atulie huku mji ukimkimbia nyuma. Ufundi wake si siri: unaweka shata kwenye moja ya thelathini ya sekunde, unaikaza miguu, unageuka kiunoni ukimfuata mtu kwa kasi yake, unabonyeza, na unaendelea kugeuka baada ya kubonyeza. Hapo mwisho ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kidole kikibonyeza mwili unadhani kazi imekwisha. Mjomba alisimama barabarani jioni kumi mfululizo akizungusha kiuno. Watoto walimfuata wakimwiga. Sasa anaweza kufanya hivyo huku anaongea nawe, na ukimtazama unaona jambo la kupendeza: mwili wote umetulia isipokuwa kiuno, kama mtu anayefungua mlango mzito taratibu.

Habari ya Pangani ni ndefu zaidi, kwa sababu ilianzia kwa fundi wa mageti.

Kupiga nusu dakika usiku ni rahisi. Mchana, jua la pwani likiwa juu, nusu dakika inaunguza picha yote ikawa nyeupe. Wenye fedha hununua vioo vyeusi vya kufunikia lenzi. Mjomba alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akamwomba kioo cha kile kinyago cha kukinga macho, namba 10. Alikishika mbele ya lenzi kwa mipira ya manila. Kisha akaanza kuhesabu kinakula mwanga kiasi gani, maana hakuna aliyekiandikia. Alielekeza kamera kwenye ukuta wa jirani, tena ukuta uleule, akapiga bila kioo, akapiga na kioo, akaongeza sekunde hadi picha mbili zikalingana. Jibu lake: mara elfu nane hivi. Picha ambayo ingetosheka na moja ya mia mbili na hamsini ya sekunde sasa inahitaji nusu dakika na nukta kidogo. Kioo kile pia hupaka kila kitu rangi ya kijani, na baada ya kuhangaika nayo mwezi mzima akaamua picha za kioo hicho zitakuwa nyeusi na nyeupe, basi.

Kupenda kubuni hivi kuna ukoo wake pwani. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio, aliyejifunza mwenyewe kukata picha na kuziunganisha, akitengeneza katika chumba cha giza vitu ambavyo kamera peke yake haiwezi kuviona. Mjomba anaitunza nakala ya picha moja ya Bakor ndani ya jalada la kaunta buku.

Tukaenda Pangani. Jaribio la kwanza lilitupa ngalawa zenye vichwa vitatu, kwa kuwa zilikuwa zinaelea na zilicheza na mawimbi nusu dakika yote. "Chombo kitulie, maji yaende," aliandika kwenye safu ya kosa. Akarudi nyumbani akahesabu miandamo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa dakika kama 50. Siku za maji mafu hayaendi mbali. Alikuwa anataka asubuhi ambayo ngalawa zimekaa mchangani, jua limeshapanda, na maji yako mita chache nyuma yake. Katika mwezi mzima siku hizo ni chache. Alingoja miezi miwili, wa kwanza ukaharibiwa na mvua. Mara ya tatu akamkuta yule mzee wa nyavu, akamwamkia, akaketi naye karibu saa nzima wakizungumza bei ya nyuzi kabla hajaitoa kamera mkobani. Mzee aliulizwa kama anaweza kutulia nusu dakika.

"Nitatulia," akasema, "lakini mikono haiwezi, nina kazi."

Ndivyo picha ile ilivyopatikana, na mwenye kuipatia maana alikuwa mzee mwenyewe.

Amboni ni mwendo mfupi tu kaskazini ya mji, mapango ya mawe ya chokaa ambako kila mtoto wa Tanga hupelekwa na shule angalau mara moja. Ndani kabisa hakuna mwanga wowote. Kwa mjomba hiyo ilikuwa neema: kizani unaweza kuiacha kamera wazi bila kuogopa, na mwanga wote utakaoingia ni ule ulioupeleka wewe. Alikuwa ameshajizoeza chumbani, taa zimezimwa, akimulika mtungi wa maji kwa tochi. Tochi isikae mahali pamoja, iende kama brashi ya mpaka rangi. Usisimame nyuma ya kamera, simama ubavuni, ili kila kovu la jiwe lipate kivuli chake. Vaa nguo nyeusi, usikae sana mahali pamoja, na kamera haitakuona. Pangoni aliingia na tochi mbili, moja ya betri yenye mwanga wa manjano na moja ya simu yenye ubluu, akapaka upande mmoja wa nguzo za mawe kwa hii na mwingine kwa ile. Kiongozi wetu alishika saa akihesabu kwa sauti. Alipofika 30 mjomba alikuwa amerudi kwenye kamera, anahema, umri nao.

Kuna chumba humo ambamo watu huja kuomba na kuacha sadaka zao. Kiongozi alisema wageni hupiga tu. Mjomba alizima tochi yake mlangoni. "Mwenyewe hayupo wa kuniruhusu," akaniambia, tukapita.

Lushoto tulikaa siku mbili kwenye ukungu. Kule alijifunza jambo moja tu: kamera hugeuza ukungu kuwa kijivu kama inavyogeuza kanzu, nayo hutaka kuongezewa mwanga hatua moja. Alilijua tayari kwa kanzu. Tukanywa chai nyingi.

Nyota ndizo zilizoniliza. Ushongo, kusini ya Pangani, ufuo unatazama mashariki na usiku hauna taa za mji. Mjomba alikuwa ameona picha za nyota kutoka Ulaya, mistari inayozunguka kama santuri juu ya milima, akataka kujua kwetu zinaendaje. Alipiga picha 120 za sekunde 30 kila moja, moja baada ya nyingine, saa nzima, kisha kijana wa jirani akaziunganisha kwenye kompyuta. Alikuwa amezungusha kanga ya mkewe kwenye lenzi kuzuia umande.

Duara halikutokea. Tuko kama nyuzi tano kusini ya ikweta, na mhimili wa mbingu kwetu umelala karibu na upeo wa macho. Kwa hiyo nyota zinazochomoza mbele ya Ushongo hazizunguki, zinapanda. Picha ilijaa mistari iliyosimama wima kutoka baharini kwenda juu, kama mvua inayonyesha kuelekea mbinguni, na kila mstari umepita nyuzi 15, ndivyo anga inavyogeuka kwa saa moja. Kilimia kilikuwemo, nyuzi zake zimebanana pamoja kama mshono. Wavuvi na wakulima wa pwani hii wameitazama nyota hiyo ikichomoza kwa vizazi, wakaipa jina la kilimo, na nafikiri wote waliiona ikipanda wima hivyohivyo, ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha njia yake yote mara moja. Mjomba aliitandaza ile picha mezani, akaweka rula juu ya mstari mmoja kuhakikisha umenyooka.

"Hizi za kwetu," akasema.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia nikakuta dirisha la chumba cha mbele limezibwa kwa boksi na gundi ya karatasi. "Ingia upesi, funga mlango," sauti ikaniambia kutoka kizani, hata kabla ya kuitikia shikamoo yangu. Nilisimama sioni kitu. Kisha taratibu ukuta wa ndani ukaanza kuota. Kwanza ikaja nuru ndefu chini, ikawa anga. Juu yake, karibu na dari, ukatokea ukuta mweupe wa jirani, kichwa chini miguu juu, na mbele yake barabara yetu ikining'inia na watu wake. Baisikeli ilipita juu ya kabati, magurudumu yakielekea dari. Bodaboda ilivuka kutoka upande usio wake. Zilikuwa na rangi zao kamili, na sauti zilizotoka nje zilifuata kila moja umbo lake. Katikati ya boksi palikuwa na tundu moja la ukubwa wa punje ya hindi. Alikuwa amejaribu dogo zaidi, likachora vizuri lakini kwa giza. Na kubwa zaidi, likang'aa lakini kwa ukungu. Kaunta buku ilikuwa wazi kitandani, tochi imelazwa juu yake.

Kamera ilisimama kwenye miguu yake mitatu ikiutazama ukuta. Tundu la lenzi 4, ISO 1600, sekunde 30. Alichokosa ni mtu wa kutulia, maana barabara yetu haitulii.

Hapo juu ya kabati akatokea mkazamjomba, amerudi sokoni, kichwa chini, kikapu mkononi. Mjomba alifungua boksi pembeni kidogo akapaza sauti.

"Mama watoto! Simama hapo hapo!"

"Nina samaki, jua kali hili!"

"Nusu dakika tu!"

Akasimama. Nilimwona akiweka miguu sawa, akanyanyua kidevu kidogo bila kuambiwa. Mjomba alibana boksi, akabonyeza, akaanza kuhesabu kwa kunong'ona, nami nikajikuta nahesabu naye. Ukutani watu walimpita mbele na nyuma. Hakutikisika.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera tuliinama pamoja. Alikuwepo, mdogo kama kidole gumba, amesimama peke yake barabarani juu chini, uso wake umetambulika, kikapu kimetambulika. Upindo wa kanga peke yake ulikuwa moshi.

Mjomba alichukua kalamu. Akaandika tarehe, saa, mahali, tundu, sekunde, ISO. Kwenye safu ya mwisho akaandika: "Upepo. Rudia kesho."